Faranga, "Franc" na Kosa Langu la Darasani

Wanachuo wenzangu, tunaosoma ualimu tukirudi kutoka mazoezi ya kufundisha huwa tunasimuliana mambo yaleyale: hela ya kujikimu iliyochelewa, madarasa yaliyojaa, mkaguzi aliyetokea siku ambayo andalio la somo halijakamilika. Mimi nimerudi na habari ya neno moja tu. Naiandika kwa sababu nilikosea, na naamini wapo wenzangu watakaokosea vilevile muhula ujao.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari mjini Bukoba, nikawa nakaa kwa shangazi yangu kule Miembeni. Somo langu lilikuwa Kiingereza, Kidato cha Pili. Wiki ya pili mada ikawa kununua na kuuza. Nikaona nisitumie mifano ya London ambako hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Nikatunga mazungumzo ya mama mwuza dagaa wa Bukoba na mteja kutoka Rwanda. Sentensi moja ilisema: "It costs five thousand francs."

Binti mmoja wa dawati la mbele, mwepesi sana wa kunyoosha mkono, akasimama kusoma. Akasoma vizuri mpaka mwisho, pale akasema "faranga".

Nikamkatiza. "Hapana! Siyo faranga. Ni frank. Sema frank."

Darasa likacheka. Mimi nami, niseme ukweli, nikatabasamu. Kufika mapumziko ameshapewa jina: Kifaranga. Kuanzia siku ile mkono wake haukunyooka tena. Nikiuliza swali anatazama daftari.

Baadaye nikamwita, nikamuuliza faranga amelitoa wapi. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mama yangu anapeleka dagaa Rwanda. Wao wenyewe ndivyo wanavyosema." Na ni kweli. Kwa Kinyarwanda fedha ya nchi hiyo huitwa ifaranga, kwa wingi amafaranga, na neno hilo hutumika pia kumaanisha pesa kwa jumla. Limeandikwa hata kwenye noti zao. Yule binti alikuwa anasoma neno alilolisikia nyumbani tangu utotoni, kutoka kwa watu wanaolipana kwa fedha hiyo.

Bado nikajitetea moyoni kwamba hili ni somo la Kiingereza, na Kiingereza kinasema frank. Utetezi huo ulidumu siku mbili. Siku ya tatu kijana mmoja ambaye kaka yake yuko Dubai akauliza fedha ya huko Waingereza wanaitamkaje. Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Dirham", nikaikaza ile h ili wote waisikie. Jioni, nikiwa barazani kwa shangazi, nikafungua kamusi ya Kiingereza. Alama za matamshi zilikuwa wazi: h haitamkwi. Mkazo uko mwanzoni, na neno linatoka karibu na "diram".

Basi kwa kipimo kilekile nilichompimia yule binti, mimi nilikuwa nimekosea. Nilitamka kama Mwarabu, yaani kama mwenye fedha yake, badala ya kutamka kama Mwingereza. Tofauti yetu ni kwamba mimi hakuna aliyenicheka, maana chaki ilikuwa mkononi mwangu.

Usiku ule nikaanza kuyatazama upya majina ya fedha. Chukua hilo hilo "franc". Mfaransa halimalizii kwa k. Sauti inapitia puani na c haisikiki kabisa. Mwingereza akaiongezea k. Mnyarwanda, ambaye lugha yake haipendi neno kuishia na konsonanti, akalifanya ifaranga. Kama kubadilisha sauti ni kosa, basi Mwingereza naye amekosa. Na "euro", ambayo noti na sarafu zake zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002, wenyewe hawakubaliani: Mjerumani anasema "oiro", Mgiriki anasema "evro", na noti ileile moja ni halali kwa wote wawili.

Sasa tujitazame wenyewe. Sisi tunaosubiri bumu tunasema "hela zimeingia". Hela ni heller, sarafu ndogo ya Wajerumani, iliyoanza kutumika huku mwaka 1904 wakati rupia ilipogawanywa katika heller 100. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, na pesa ni neno la Kihindi, paisa. Dola ilianzia kwenye thaler, sarafu ya fedha ya Bohemia katika karne ya 16. Mwingereza akaifanya "dollar", nasi tukaongeza a mwishoni tukaimiliki. Shilingi iliingia Afrika Mashariki mwaka 1921, na tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu yetu ilipofunguliwa tukapata shilingi yetu wenyewe. Katika maneno hayo yote hakuna hata moja tunalolitamka kama lilivyotoka kwao, na hakuna anayetucheka sokoni.

Hapa ndipo nilipolielewa somo nililopaswa kulifundisha tangu mwanzo. Swali "jina hili linatamkwaje?" halijakamilika. Swali kamili ni "linatamkwaje katika lugha gani?" Faranga ni sahihi kwa Kiswahili, na "frank" ni sahihi kwa Kiingereza. Kazi ya mwalimu wa Kiingereza ni kumpa mwanafunzi njia ya pili bila kumnyang'anya ile ya kwanza.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtu atamke atakavyo. Mwanafunzi akienda kwenye usaili, au akiongoza watalii, anahitaji kueleweka. Kwa hiyo yako mambo manne ambayo nayaona yanatusumbua hata sisi wa chuo.

Kwanza, "euro" kwa Kiingereza huanza na sauti ya y, kama "university". Ndiyo maana tunasema "a euro", siyo "an euro". Kinachoamua ni sauti ya kwanza, herufi ya kwanza isikudanganye.

Pili, wingi. "Dollars", "francs" na "shillings" huchukua s, na hiyo s lazima isikike. Lakini "yen" na "yuan" hubaki vilevile, iwe moja au elfu.

Tatu, mpangilio. Kwa Kiswahili tunataja fedha kwanza: shilingi elfu tano. Kwa Kiingereza kiasi hutangulia: "five thousand shillings". Ukisema "shillings five thousand" umezungumza Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Hata alama ya dola, ingawa huandikwa kabla ya namba, husomwa baada yake.

Nne, usibahatishe. Kamusi zina alama za matamshi na kistari kinachoonyesha mkazo, na nyingi za kwenye simu zina sauti. Mimi ningefungua yangu kabla ya kipindi, "dirham" isingeniumbua.

Kipindi kilichofuata nilichora safu tatu ubaoni: wenyewe wanasemaje, Kiingereza kinasemaje, sisi tunasemaje. Kabla ya yote nikawaambia darasa kwamba juzi niliwafundisha "dirham" vibaya, na kwamba faranga halikuwa kosa la kuchekwa. Kimya kikatanda. Nadhani hawakuzoea kumsikia mwalimu akisema hivyo. Kisha tukaanza kuzijaza zile safu, na ghafla kila mtu alikuwa na neno la kuleta: wa ndugu walioko Uganda, wa mjomba aliyewahi kuishi Zambia, wa dada aliyeko Oman.

Yule binti hakunyoosha mkono siku ile. Wala wiki iliyofuata. Jina la Kifaranga nalo halikufa mara moja. Nililisikia tena uwanjani, nikakemea. Ilikuwa siku chache kabla sijaondoka aliponyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, na shilingi je? Waingereza wenyewe wanaitamkaje siku hizi?"

Nikamwambia wanatamka "shilling", bila i mwishoni, ila wao waliacha kuihesabia fedha yao tangu Februari 1971. Wanaoitumia mpaka leo ni sisi, Kenya, Uganda na Somalia.

Akaandika kwenye daftari lake, akakaa. Wenzangu mnaokwenda mazoezini, kumfundisha mtoto kusema "frank" huchukua dakika moja. Mimi kuurudisha ule mkono juu kulinichukua karibu muda wote wa mazoezi. Mkisikia neno limetamkwa kigeni, ulizeni kwanza limetoka wapi, halafu ndipo msahihishe.