Masika haya, usimpe simbilisi majani yenye umande

Majani sasa ni bwerere. Mfugaji wa simbilisi aliyehangaika Januari na Februari anafyeka mzigo alfajiri, anaumwaga bandani na umande wake, kisha anakwenda kupalilia. Jioni anawakuta wawili wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, tumbo gumu kama ngoma.

Majani machanga yaliyolowa huchachuka upesi tumboni mwa mnyama huyu. Gesi inajaa, naye hawezi kutapika. Kwa hiyo kata mchana, umande ukishakauka. Mvua ikigoma kukatika, kata hivyo hivyo, ila tandaza majani kichanjani chini ya paa, tabaka jembamba, uyageuze mara mbili tatu hadi yanyauke. Usiyarundike. Ingiza mkono katikati ya lundo lililolala usiku kucha: utakuta joto, na harufu ya pombe inayoanza kuiva. Hayo ni ya mboji. Na kabla ya majani mabichi, watangulizie nyasi kavu. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ngumu ndizo zinazoyasaga.

Kuna wanaomlisha kama sungura, wakidhani ni ndugu. Sungura hujitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi, sawa na sisi binadamu. Mlishe chakula cha sungura cha dukani peke yake, na baada ya wiki mbili tatu kiseyeye kitaanza kujionyesha: viungo vinavimba, anachechemea, analia ukimshika. Mkubwa anahitaji kama miligramu 10 za vitamini hiyo kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na mwenye mimba hadi 30. Vidonge vya nini? Pera lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa. Kipande cha pera, cha pilipili hoho au jani la sukuma wiki kila siku kinatosha. Kabichi iwe kidogo, maana nayo huleta gesi. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya mparachichi yasifike bandani kabisa, ni sumu.

Wengi wanawafuga sakafuni jikoni. Joto la jiko linawafaa msimu huu, moshi hauwafai, na sakafu yenye unyevu huwaletea homa ya mapafu. Tandika maranda au nyasi kavu, uondoe yanapolowa, usingoje Jumamosi. Wasilale na sungura: sungura anaweza kubeba vijidudu vya mapafu bila kuugua, akamwambukiza simbilisi.

Mimba huchukua siku 68 hivi. Mtoto huzaliwa na manyoya na macho wazi, akatafuna majani siku ile ile, ndipo watu husahau kwamba bado anahitaji kunyonya kwa wiki tatu. Watoto wakifika siku 21, tenga madume. Wakichelewa kutengwa, huweza kumpanda mama yao.

Akiugua, usimchome penisilini iliyobaki ya ng'ombe, wala usimpe amoksilini ya watoto. Dawa hizo huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, vibaya vikatawala, akahara na kufa ndani ya siku chache. Mwite daktari wa mifugo, na umwambie mgonjwa ni simbilisi kabla hajafungua mkoba.