Mozaiki za Hosios Loukas: maswali ya anayejiandaa kwenda

Ugiriki ina nyumba nyingi za watawa. Kwa nini niende hii?

Mwaka 1990 UNESCO iliziingiza tatu kwa pamoja katika Urithi wa Dunia: Daphni jirani na Athens, Nea Moni kisiwani Chios, na Hosios Loukas kwenye miteremko ya mlima Helikon. Zote zinastahili safari. Mimi nakupeleka Hosios Loukas kwa sababu mozaiki zake nyingi za karne ya 11 zingali palepale zilipobandikwa, na watawa bado wanasali chini yake.

Huyo Loukas ndiye Luka Mwinjili?

Hapana. Ni mtawa wa karne ya 10, aliyefariki mwaka 953. Wagonjwa walimiminika kaburini kwake kuomba uponyaji, na kanisa kubwa likajengwa kwa ajili ya mahujaji hao. Ndani utamwona mwenyewe kwenye mozaiki, mikono ameiinua kwa sala, viganja vikikutazama.

Nikiingia nianzie wapi?

Usikimbilie ndani. Simama kwanza kwenye ukumbi wa kuingilia, maana wageni wengi huupita mbio, na hapo ndipo penye kazi ninazozipenda kuliko zote. Upande mmoja Yesu anawaosha wanafunzi miguu. Mtazame Petro: mguu wake umeshikwa, naye ameinua mkono kichwani, kama asemaye, basi nioshe na kichwa. Mwanafunzi mwingine anahangaika na kamba za viatu vyake. Kwingine Kristo anamvuta Adamu kutoka kaburini kwa kumshika kifundo cha mkono. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wataitambua picha hiyo mara moja, kwani ndiyo ikoni yao ya Pasaka.

Dhahabu ile ni ya kweli?

Ni ya kweli, ila ni nyembamba mno. Fundi alilaza karatasi ya dhahabu juu ya kioo, akaifunika kwa kioo kingine chembamba, kisha akakata vipande vidogo na kuvikandamiza kimoja kimoja kwenye lipu mbichi. Vipande havikulala sawasawa. Kila kimoja kinarudisha mwanga kwa upande wake. Ndiyo maana ukisogea hatua mbili ukuta mzima unabadilika. Kamera haiwezi kulinasa hilo, kwa hiyo iweke mfukoni kwanza, utembee taratibu.

Mbona picha za kuba kuu zinaonekana tofauti?

Mozaiki ya kuba hilo iliporomoka kwa tetemeko la ardhi mwaka 1593. Unachokiona leo ni michoro ya rangi iliyochukua nafasi yake. Geukia kuba dogo la juu ya altare: Pentekoste yake ya mozaiki ipo, Mitume wameketi duara na ndimi za moto zikiwashukia.

Kuna cha kuzingatia kabla ya kwenda?

Funika mabega na magoti, na ibada ikiwa inaendelea, subiri. Kutoka Athens ni zaidi ya saa mbili kwa gari, na watu wengi huunganisha safari hiyo na Delphi. Ukifanya hivyo, anza na watawa ungali na nguvu, na usiondoke bila kushuka kwenye kanisa la chini ya ardhi la Mtakatifu Barbara. Huko hakuna mozaiki, lakini michoro yake ya ukutani ni ya zama zilezile, nalo kaburi la Loukas limo humo.