SOMO LA KARAKANA: KISHIKIO CHA KISU CHA MGUSO KWA MASHINE YA KUKEREZA

Mashine ya kusaga nafaka ikisimama kwa sababu ya bushi moja iliyolika, hasara haimpati fundi peke yake. Wanachama hubeba magunia yao mbali, na fedha ambazo zingebaki chamani hulipwa kwingine. Chama chenye karakana ndogo, au mwanachama mwenye mashine ya kukereza nyumbani kwake, huweza kuitengeneza bushi hiyo. Lakini mashine haikati. Kinachokata ni kisu, na kisu butu huharibu kazi hata kama mashine ni nzima. Lengo la somo hili ni kueleza namna ya kutengeneza kishikio ambacho hurahisisha unoaji wa kisu, hata kazi hiyo isiwe siri ya fundi mmoja.

Tatizo la kisu cha kawaida

Kisu cha kawaida ni kipande cha mraba cha chuma cha pua kigumu, ambacho aghalabu hupigwa mhuri wa herufi HSS. Chuma cha aina hii kilivumbuliwa Marekani na Frederick Taylor na Maunsel White mwishoni mwa karne ya 19, na sifa yake kubwa ni kubaki kigumu hata kikipata moto mkali wakati wa kukata. Kisu hulazwa katika nguzo ya kisu, na ili kikate hapana budi kinolewe nyuso tatu: mbele, ubavuni na juu. Kila uso una pembe yake. Anayejifunza hukosea mara nyingi, na kila akirudia, chuma kilichonunuliwa kwa fedha huishia kuwa vumbi. Aidha, uso wa juu ukinolewa ncha hushuka, na fundi hulazimika kuweka vibati chini ya kisu ili ncha irudi usawa wa kitovu cha kazi.

Kisu cha mguso ni nini?

Mstari unaoupitia mduara kwa kuugusa mahali pamoja tu huitwa mstari wa mguso. Katika kishikio hiki kisu hakilazwi, bali husimama karibu wima mbele ya kazi, kikifuata mstari huo. Nguvu ya kukata hushuka kwa urefu wa kisu, kama uzito wa paa unavyoshuka katika nguzo ya nyumba. Kwa hiyo kisu chembamba hakipindi kwa urahisi.

Kisu huinamishwa nyuzi 12 kuelekea kazi, na nyuzi 12 kushoto, yaani upande wa taya zinazozungusha kazi. Kwa kuinama huko sehemu yake ya chini hujitenga na kazi mbele na ubavuni, bila kunolewa pande hizo. Unaobaki kunolewa ni uso mmoja tu, ule wa juu. Ncha ikilika, kisu hunolewa, husukumwa juu kidogo na kukazwa tena. Vibati havihitajiwi.

Vifaa

Kipande cha chuma laini cha mraba chenye upande wa milimita 20 na urefu wa milimita 100. Kisu cha mraba cha milimita 6. Kibamba cha chuma chenye unene wa milimita 3. Bolti moja ya milimita 5 ambayo kichwa chake huzama. Msumeno wa chuma, tupa, keekee, jiliwa na kipimapembe.

Hatua za kutengeneza

1. Upimwe urefu kutoka sakafu ya nguzo ya kisu hadi usawa wa kitovu. Unene wa mpini wa kishikio uwe kipimo hicho kikipunguzwa milimita 6. Kwa mfano, kipimo kikiwa milimita 16, mpini uwe 10. Mpini upunguzwe kutoka upande wa chini kwa urefu wa milimita 70. Milimita 30 za mbele ziachwe nene ziwe kichwa.

2. Uso wa mbele wa kichwa ukatwe kwa mshazari wa nyuzi 12, sehemu ya juu ikitokeza mbele kuliko ya chini. Utupwe tupa hadi uwe bapa.

3. Juu ya uso huo uchorwe mfereji wenye upana wa milimita 6. Ukingo wake wa kushoto uanzie pembe ya juu ya kushoto, na ufike chini ukiwa umeingia kulia milimita 4 na robo. Hizo ndizo nyuzi 12 za pili. Hapa ndipo wengi hukosea. Kushoto kunakosemwa ni kushoto kwa fundi asimamapo nyuma ya kishikio. Anayeutazama uso wa mbele huona kinyume, na mfereji ukichorwa kinyume kisu kitaegemea upande usiofaa na ubavu wake utasugua kazi.

4. Mfereji uchimbwe kwa msumeno na kumaliziwa kwa tupa, kina chake kiwe milimita 4 na nusu. Kisu kikae humo bila kucheza, kikitokeza mbele milimita 1 na nusu.

5. Kibamba kiwekwe nusu ya chini ya uso wa mbele, ukingo wake wa kushoto ukikilalia kisu bila kukipita. Ukingo wa kulia uegemezwe juu ya kipande cha bati la milimita 1 na nusu ili kibamba kikae sawa. Tundu la bolti litobolewe kulia kwa mfereji, karibu na kisu, na kukatwa hesi katika kichwa. Kichwa cha bolti kizame ndani ya kibamba kisije kikagusa kazi.

6. Kisu kizima kikiwa kirefu mno, mkia wake utagonga kitelezi cha mashine. Kikatwe vipande viwili kwa jiwe jembamba la kukatia, kwani msumeno hauwezi chuma hicho. Hivyo kisu kimoja cha dukani huwa viwili.

Kunoa

Kitengenezwe kigezo: kipande cha chuma au cha mbao ngumu chenye mfereji wa umbo la V, ambamo kisu hulala juu ya pembe yake. Kigezo kikiletwa mbele ya jiwe la kunolea, uso wa juu wa kisu ulale nyuzi 30 kutoka mkato ulionyooka, ukiteremka kutoka pembe inayokata kuelekea pembe iliyo mkabala nayo. Kwa kuwa kisu chenyewe kimeinama karibu nyuzi 17 kuelekea pembe hiyo, kikiwa mashineni uso huo hubaki na mteremko wa nyuzi 13 hivi kurudi nyuma, nao unafaa kwa kukata chuma laini.

Mkato huo wa mshazari huugeuza mraba kuwa umbo la almasi, na pembe ya ncha hupungua kutoka nyuzi 90 hadi karibu 82. Ndiyo maana kisu hicho hicho huweza kukereza kwa urefu na pia kusawazisha uso wa mwisho wa kazi bila kubadilishwa. Mwishowe ncha ipitishwe kidogo kwenye kinoo chenye mafuta ili ncha kali iviringike kidogo. Kisu kilichopata moto sana kisitumbukizwe majini ghafla, huweza kupasuka.

Kujaribu

Ncha ilinganishwe na kitovu, kisha usawazishwe uso wa mwisho wa kipande cha chuma laini. Kikibaki kichuguu katikati, ncha haiko usawa wa kitovu. Ipandishwe au ishushwe. Bolti ikazwe barabara, maana kisu kikiteleza chini ukataji huharibika. Kabla ya kukereza kazi yenye kipenyo kikubwa, izungushwe kwanza kwa mkono kuhakikisha kibamba hakigusi. Miwani ya kukinga macho ivaliwe, mikono ya shati ifungwe, na mashine isimamishwe kabla ya kupima.

Mipaka yake

Kishikio hiki hakifai kukata hesi, kutenganisha kazi, wala kupanua tundu kwa ndani. Kwa kukereza kuelekea kulia hapana budi kitengenezwe kingine chenye mfereji ulioegemea kinyume. Visu vya kawaida, basi, visitupwe.

Wajibu wa chama

Ujuzi ulio kichwani mwa mtu mmoja si mali ya chama. Fundi akihama au akiugua, mashine hugeuka pambo. Kwa hiyo kigezo cha kunolea kiandikwe katika daftari la vifaa kama kilivyoandikwa kishikio, na kitunzwe karakanani, si nyumbani kwa mtu. Katibu aandike tarehe ya kutolewa kwa kila kisu na urefu wake, na aupime tena kila baada ya miezi 3. Visu vikiisha upesi, kamati itajua kwamba kigezo hakitumiki, nayo itaweza kuuliza sababu kwa ushahidi badala ya kulaumu kwa kudhani. Wanachama wawili au zaidi wafundishwe kunoa, kila mmoja anoe mbele ya wenzake na kukereza kipande cha majaribio.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini kisu cha mguso hunolewa uso mmoja tu?
2. Ni kosa gani litakalotokea mfereji ukichorwa kwa kuutazama uso wa mbele?
3. Katika chama chenu, ni watu wangapi wanaoweza kunoa kisu cha kukerezea leo? Endapo ni mmoja, kamati itachukua hatua gani kabla ya msimu ujao?