Likoma kwa Mfuko Mwepesi: Mbinu za Kufika Kisiwani Ukitokea Lilongwe

Kisiwa cha Likoma, katika Ziwa Malawi, kina bei mbili. Ya kwanza ni ya mwenye haraka: anapanda ndege ndogo Lilongwe, anatua kisiwani siku hiyohiyo, analala Kaya Mawa, hoteli ya ufukweni inayotoza mamia ya dola kwa mtu kwa usiku mmoja. Ya pili ni ya mwenye subira: anapanda basi hadi ziwani, analala sitahani juu ya mkeka, anakula nsima na samaki sokoni, na kila anachonunua anakilipa kwa kwacha. Maji wanayooga hawa wawili ni yaleyale, na kanisa wanalolitembelea ni lilelile. Kinachouzwa ghali Likoma ni muda. Ukiwa na siku za kutosha na ukipanga mapema, kisiwa hiki kinafikika hata kwa fundi cherehani wa Area 49, Lilongwe, au muuza mboga wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Nawaandikia hasa wale miongoni mwetu wasemaji wa Kiswahili waliokulia kando ya maji: watu wa Uvira, Baraka, Fizi, Rumonge, Kigoma. Wengi wameishi Malawi miaka kumi au zaidi bila kuliona ziwa lake, ingawa ni la tatu kwa ukubwa Afrika na Salima ipo kilomita mia moja hivi tu kutoka Lilongwe. Kupumzika si anasa ya matajiri. Familia iliyopitia tuliyopitia sisi inastahili siku chache za maji na upepo.

Anza na kibali

Kama umesajiliwa kuwa mkimbizi, usikate tiketi kabla ya kupata ruhusa. Malawi inafuata utaratibu wa wakimbizi kuishi kambini, na tangu serikali ilipotoa amri mwaka 2023 kwamba wote waliokuwa mijini warudi Dzaleka, suala la kuonekana nje ya kambi bila karatasi si la kuchezewa. Nenda kwa uongozi wa kambi mapema, wiki kadhaa kabla ya safari. Omba barua inayotaja majina ya wasafiri wote, watoto wakiwemo, mahali mnapokwenda, njia mtakayopita na tarehe ya kurudi.

Hiyo tarehe ya kurudi iombe kwa akili. Meli huchelewa, na upepo ukichafuka mashua haziondoki. Kama umepanga kurudi Jumatano, omba barua idumu angalau hadi Jumapili. Barua iliyokwisha muda huku umekwama kisiwani itakuletea usumbufu kwenye vizuizi vya polisi barabarani. Beba barua halisi, toa nakala mbili, na uzitenge na kadi zenu.

Kuna jambo la pili ambalo ramani inalieleza. Likoma na jirani yake mdogo Chizumulu ni ardhi ya Malawi, lakini vimezungukwa na maji ya Msumbiji, na ufuko wa Msumbiji uko karibu zaidi kuliko wa Malawi. Mashua huvuka kwenda Cobue, upande wa pili, kama watu wavukavyo mto. Usizipande, hata kwa matembezi ya saa mbili. Meli ikitia nanga kwenye bandari ya Msumbiji njiani, baki melini. Ukivuka mpaka bila hati, kurudi Malawi kunaweza kuwa kesi.

Kibali kikikataliwa au kikichelewa, usijipenyeze. Ahirisha, na uombe tena kwa safari fupi zaidi, kwa mfano siku moja Senga Bay, kule Salima.

Fuata kalenda ya meli

Watu wengi hupanga likizo kwanza, kisha hutafuta usafiri. Kwa Likoma, fanya kinyume. Meli ya Ilala, iliyoundwa Uskoti na kusafiri ziwa hili tangu 1951, huzunguka mara moja kwa wiki: hutoka Monkey Bay kusini, hupanda hadi Chilumba kaskazini, kisha hurudi. Katika ratiba iliyozoeleka hufika Likoma ikipanda mwishoni mwa wiki, na hupita tena ikishuka mwanzoni mwa wiki inayofuata. Hapo katikati unapata siku mbili hadi tatu za kisiwani, nazo zinamtosha mgeni. Ukiikosa ikishuka, unasubiri wiki nzima au unatafuta mashua.

Meli hii ni mzee. Kuna vipindi hukaa nje ya maji kwa matengenezo, na ratiba hubadilika. Kwa hiyo piga simu au tuma mtu bandarini aulize katika wiki unayosafiri, kisha uliza tena siku moja kabla ya kutoka nyumbani. Gharama ya simu mbili ni ndogo kuliko siku tatu za gesti ukisubiri meli isiyokuja.

Chagua pia majira. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera huvuma kwa nguvu kutoka kusini, na ziwa hugeuka bahari. Septemba hadi Novemba maji hutulia, ingawa joto hupanda. Kuanzia Desemba mvua huharibu barabara na ratiba. Kwa mwenye bajeti finyu, Septemba na Oktoba ndiyo miezi bora, kwa sababu uwezekano wa kukwama ni mdogo, na kukwama ndiko kunakokausha mfuko.

Njia mbili za kufika ziwani

Ya kwanza ni kupitia Nkhotakota. Kutoka Area 49 unashuka mjini, unapanda basi au minibasi ya Salima, kisha ya Nkhotakota: jumla ni kama kilomita mia mbili. Barabara ni fupi, nauli ni ndogo, lakini saa za majini ni nyingi na unategemea meli peke yake. Faida yake kwa sisi wasemaji wa Kiswahili ni kwamba unapita kwenye mji wenye historia yetu. Karibu na mwaka 1840 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara aliyetokea upande wa Zanzibar, alijenga hapa kituo chake, na yeye na warithi wake walitawala kwa cheo cha Jumbe hadi Waingereza walipowaondoa miaka ya 1890. Kutoka ufuko huu majahazi yalivusha pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, wakielekea Kilwa. Ukiwa na saa za kusubiri meli, zitumie kuutembea mji huo.

Ya pili ni kupitia Nkhata Bay. Unapanda basi la Mzuzu, safari ya siku nzima, kisha kilomita hamsini hivi kushuka ziwani. Nauli ni kubwa zaidi, lakini hapo kuna mashua za mbao zinazokwenda Likoma na Chizumulu mbali na meli, kwa hiyo si rahisi kukwama wiki nzima. Kabla ya kupanda mashua, tazama mambo matatu: jaketi okozi zipo za kutosha abiria wote, mzigo haujazidi, na mawimbi hayana povu jeupe huko mbali. Moja likikosekana, baki nchi kavu. Ziwa hili limekwisha kuzamisha hata meli: mwezi Julai 1946 Vipya ilipinduka kwenye dhoruba ikaua watu 145. Hakuna nauli rahisi inayolingana na uhai wa mtoto wako.

Ushauri wangu: mwenye familia na siku zilizohesabika apite Nkhotakota na ashike ratiba ya meli. Kijana peke yake mwenye muda apite Nkhata Bay. Kipande cha mwisho barabarani, pikapu za abiria ziitwazo matola huwa nafuu kuliko minibasi, ila kubaliana nauli kabla ya kupakia mzigo.

Usiku wa melini

Sitaha ya chini ndiyo rahisi kuliko zote, nayo hujaa magunia ya mahindi, samaki waliokaushwa, kuku na watu. Sitaha ya juu ni wazi, ina hewa na nafasi ya kunyoosha mgongo, na bei yake bado iko chini sana ya ile ya chumba. Kama una watoto au mtu mzima dhaifu, okoa kwingine ulipie sitaha ya juu. Ukiwa peke yako na mzigo mwepesi, chini panavumilika.

Bebeni mkeka, blanketi, kwa kuwa usiku ziwani ni baridi hata mwezi wa joto, kofia, maji ya kunywa, mkate au mandazi, na mayai ya kuchemsha. Chakula cha melini kinapatikana, lakini familia ya watu watano ikinunua kila mlo hapo, akiba ya kisiwani itaishia njiani. Vitu vya thamani vifungwe kwenye mkoba mdogo unaolala nao. Kwa miaka mingi Ilala ilikuwa ikitia nanga mbali kidogo na ufuko wa Likoma na kushusha abiria kwa mashua ndogo; ili uwe tayari hilo likitokea, simu na karatasi zifunge kwenye plastiki, na uvae viatu vya kulowana.

Kulala na kula

Kisiwa kizima kina kilomita za mraba 18 hivi, kwa hiyo popote utakapolala, miguu inakutosha. Mji wa Chipyela, penye soko na bandari, una gesti ndogo za wenyeji. Mango Drift, upande wa magharibi, imejulikana kwa vitanda vya pamoja na nafasi ya hema kwa wasafiri wasio na fedha nyingi. Piga simu kabla. Ukifika bila nafasi, omba kuona chumba, neti na bafu, kisha uliza bei ya usiku wote kwa jumla. Anayekaa siku tatu ana haki ya kuomba punguzo.

Karibu kila kisichotoka ziwani huletwa kwa chombo, ndiyo maana sabuni, sukari, mafuta na hata mboga huwa ghali kuliko Lilongwe. Nunua vitu vikavu kabla ya kuondoka: unga, mchele, maharage, chumvi, majani ya chai, betri na dawa zako. Kisiwani nunua samaki. Usipa, samaki wadogo watakaokukumbusha ndagala wa Tanganyika, huvuliwa usiku kwa taa, na mavuno huwa mazuri usiku wa giza. Ukipanga safari iangukie mwezi mchanga, utawakuta wengi na kwa bei nzuri. Nenda ufukoni alfajiri mashua zinaporudi, umsalimu mama anayeuza kwa heshima, “Mwadzuka bwanji, amayi,” kabla ya kuuliza bei. Patana, lakini usimkamue: mvuvi naye anahesabu kama wewe.

Beba kwacha taslimu za safari yote, noti ndogo zikiwemo. Huduma za pesa kwa simu, Airtel Money na Mpamba, zinasaidia, ila wakala anaweza kuishiwa fedha siku unayomhitaji.

Vya bure ndivyo bora

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa 1903 na likawekwa wakfu 1911. Urefu wake ni mita mia hivi, kwenye kisiwa unachokizunguka kwa miguu. Lilijengwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA, ileile iliyoanza kujenga kanisa la Mkunazini, Unguja, mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa. Uwepo wa misheni hiyo ndio uliofanya visiwa hivi vibaki upande wa Malawi wakati wakoloni walipogawana ziwa. Nenda Jumapili usikie kwaya, hata kama si Mwanglikana. Jifunge chitenje, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na uache sadaka kwa uwezo wako.

Baada ya hapo kuna mibuyu, njia za vijijini, na maji maangavu yenye samaki wa rangi wanaoitwa mbuna. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na wa kwenye miamba unawaona kwa miwani ya kuogelea tu.

Ogeni kwa tahadhari. Kichocho kipo katika ziwa hili: epukeni maji yaliyotuama yenye matete, na baada ya wiki sita hadi nane nendeni zahanati mkapimwe. Dawa yake, praziquantel, si ghali, na ugonjwa ukiachwa hudhuru kibofu na ini. Laleni ndani ya neti.

Hesabu kabla ya ndoto

Sitakuandikia bei, kwa sababu kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022 na tena kwa asilimia 44 Novemba 2023, na nauli hupanda kila mafuta yanapopanda. Chukua karatasi, uandike mistari mitano kwa bei za wiki hii: barabara kwenda na kurudi, meli kwenda na kurudi, malazi, chakula, na akiba ya kukwama. Mstari wa tano uwe gharama ya siku tatu kamili za kulala na kula. Usipokuwa nao, huna safari bado.

Kisha changishaneni. Familia mbili au tatu zikiungana zinagawana chumba, sufuria na gunia la unga, na kikundi cha akiba, kama likelemba au banki mkhonde, kinaweza kutenga zamu moja kwa ajili ya safari. Ukianza Januari kuweka kidogo kila wiki, Septemba itakukuta tayari. Wiki hii fanya mambo mawili: ulizia nauli za sasa, na nenda kaulize kibali kinachukua siku ngapi.