Saa 48: Haki za Mtu Aliyekamatwa



Ndugu zangu, somo letu leo ni Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya 1995, inayolinda uhuru wa mtu. Nimeichagua kwa sababu wengi wetu, tukisikia ndugu kakamatwa, tunaanza kuchangishana pesa. Katiba inatupa maswali matatu ya kuanza nayo.

Kwanza: je, ameambiwa sababu kwa lugha anayoielewa? Ni lazima aambiwe papo hapo, na ajulishwe kuwa ana haki ya wakili anayemtaka. Kati ya Arua na Koboko utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiswahili na Kilingala. Mzee anayejua Kikakwa tu, akielezwa kwa Kiingereza, bado hajaambiwa kitu.

Pili: je, jamaa zake wanajua alipo? Akiomba, ni lazima wajulishwe mapema iwezekanavyo. Wao, wakili na daktari wake waruhusiwe kumwona.

Tatu: zimepita saa ngapi? Mshukiwa ambaye hajaachiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kwisha, tangu alipokamatwa. Katiba haikutoa Jumamosi wala Jumapili. Aliyekamatwa Ijumaa baada ya Isha, muda wake unakwisha Jumapili usiku. Kwa hiyo andikeni siku na saa ya kukamatwa. Mkumbuke pia kwamba bondi ya polisi ni bure.

Muda ukipita, ndugu au wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu, ambayo ina kituo Arua, iamuru aletwe mbele yake. Kwa Ibara ya 44, haki ya kuomba amri hiyo haiondolewi kwa hali yoyote, wala haki ya kutoteswa na ya kusikilizwa kwa uadilifu.

Sisi Waislamu tuna la ziada. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha habari tusije tukadhuru watu kwa kutojua. Aya ya 12 inatukataza dhana mbaya. Ibara ya 28 nayo inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Basi kijana akipigiwa kelele za mwizi sokoni, haki tunayomtakia ndugu yetu ni yake pia. Tusinyanyue mkono, na tumzuie anayenyanyua.

Allah atujaalie kuwa wasimamizi wa uadilifu. Amin.