"Gesi Imeisha": Lugha na Utambuzi wa Hitilafu za Upozaji katika Mashine ya Kuuzia Maziwa

Utangulizi

Mitaa mingi ya miji ya Kenya imeizoea mashine ya kuuzia maziwa, ambayo umma umeibatiza jina la ATM ya maziwa. Mnunuzi hulipa, huweka chupa yake chini ya mfereji, naye hupimiwa kiasi alicholipia. Ndani ya mashine hiyo mna tangi la chuma kisichoshika kutu pamoja na mtambo wa kupoza unaokusudiwa kuyadumisha maziwa katika nyuzi 4 hivi za selsiasi. Mtambo wa aina hiyo ukilegea katika mashine ya soda, hasara huwa ni kinywaji vuguvugu na mteja aliyenuna. Ukilegea katika mashine ya maziwa, mtaji wa siku nzima huchacha, na afya ya watoto wa mtaa huwa hatarini.

Fundi anapoitwa, aghalabu kauli yake ya kwanza huwa: "Mama, gesi imeisha." Gesi hutiwa, malipo hutolewa, na baada ya majuma machache fundi yuyo huyo huitwa tena. Makala haya yanadai kuwa kauli hiyo ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la ufundi. Anayeitamka huanza uchunguzi mahali ambapo ungepaswa kuishia.

Jokofu halitengenezi baridi

Husemwa kwamba jokofu "hutoa baridi." Kitenzi kutoa kina maana zaidi ya moja: ua hutoa harufu, yaani huizalisha, mchukuzi hutoa mzigo nyumbani, yaani huuondoa. Katika suala la jokofu, maana ya pili ndiyo sahihi, na kinachotolewa si baridi bali ni joto. Mashine huchota joto lililomo katika maziwa na kulimwaga chumbani. Ndiyo sababu nyuma au chini ya jokofu lolote linalofanya kazi huwa na joto.

Kanuni hii si ngeni kwa wenyeji wa Afrika Mashariki. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu sehemu ndogo yake hupenya udongo, hufika nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Jokofu hufuata kanuni iyo hiyo ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kiowevu chake huchemka kwa urahisi sana. Kile kiitwacho R134a, kwa mfano, huchemka katika nyuzi 26 hivi chini ya sufuri kikiwa katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Kinapogeuka gesi ndani ya kivukizi, hufyonza joto la maziwa. Kompresa huikandamiza gesi hiyo na kuisukuma hadi kwenye kondensa, ambako hulitema joto hilo na kurudi kuwa kiowevu. Kisha hupita katika mrija mwembamba, kanieneo hushuka, na safari huanza upya.

Tofauti ya kuisha na kuvuja

Gesi ya kupikia huisha kwa kuwa huchomwa. Gesi ya jokofu haichomwi wala hailiwi, huzunguka tu. Mzunguko ukiwa mzima, kipimo kilichotiwa kiwandani chaweza kutumika kwa miaka mingi bila kuongezwa. Basi ikipungua, haikuisha, ilivuja. Kitenzi kuisha humwelekeza mwenye mashine kwenye kujaza, ilhali kitenzi kuvuja humwelekeza kwenye kuziba. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Utaratibu wa uchunguzi

Maadamu kazi ya mashine ni kuhamisha joto, swali la kwanza si "gesi ipo?" bali ni "joto linakwama wapi?" Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia lililo rahisi na lisilo na gharama.

Kwanza, maziwa yenyewe yapimwe kwa kipimajoto safi. Mkono hudanganya. Iulizwe pia kama yalimiminwa yakiwa na joto. Kupoza lita 100 kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 4 huhitaji kuondoa zaidi ya kilojuli 10,000 za joto. Mtambo unaoondoa wati 500 za joto utahitaji karibu saa sita kuikamilisha kazi hiyo. Mashine ya namna hii si mbovu; imetwikwa mzigo usio wake. Kazi yake ni kuhifadhi ubaridi wa maziwa yaliyofika yakiwa yamepozwa.

Pili, umeme uchunguzwe. Umeme wa kawaida nchini Kenya ni wa volti 240. Ukishuka mno, kompresa hujaribu kuanza, hushindwa, hulia "ta!" na kunyamaza. Umeme unapokatika na kurudi, ni vyema kusubiri dakika tano hivi kabla ya kuiwasha mashine, ili kanieneo ndani ya mabomba isawazike.

Tatu, njia ya kutokea joto itazamwe. Kondensa iliyofunikwa na vumbi na utando wa buibui ni sawa na mtu aliyevikwa blanketi adhuhuri. Feni yake yaweza kuwa imesimama, mashine yaweza kuwa imebanwa ukutani, au jua la alasiri laweza kuwa linaipiga. Plagi ichomolewe, vumbi lipanguswe kwa brashi laini, na nafasi iachwe ili hewa ipite.

Nne, njia ya kuingilia joto ichunguzwe. Kipande cha karatasi kifungiwe mlangoni kisha kivutwe. Kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka. Hewa yenye unyevu inayopenya hapo hugeuka barafu juu ya kivukizi, na barafu nene huzuia joto la kinywaji lisifike kwenye bomba. Barafu hiyo iachwe iyeyuke yenyewe mashine ikiwa imezimwa na maziwa yamehamishiwa mahali pengine penye ubaridi. Anayeikwangua kwa kisu hulitoboa bomba, na hapo ndipo gesi huvuja kwa hakika.

Tano, kidhibitijoto kitazamwe. Huenda kimesogezwa kwa bahati mbaya, au kitambuzi chake kimeng'oka mahali pake, hivyo kikaiamuru kompresa ipumzike kabla ya wakati.

Baada ya hatua hizi, ndipo kompresa na kondensa zisikilizwe pamoja. Kompresa ikinguruma na kondensa ikawa moto kupita kiasi, joto halipati pa kwenda. Irejelewe hatua ya tatu. Kompresa ikinguruma lakini kondensa ikasalia baridi, au kivukizi kikashika jalidi upande mmoja tu, basi gesi inaweza kuwa imevuja, au kompresa imepoteza nguvu ya kukandamiza. Doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba ni dalili nyingine ya uvujaji.

Kuanzia hapo kazi ni ya fundi aliyefunzwa. Baadhi ya mashine zina kapasita inayohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na gesi kama R600a na R290 hushika moto. Fundi wa kweli hutafuta tundu, kwa mfano kwa povu la sabuni, huliziba, huondoa hewa na unyevu ndani ya mabomba, kisha hupima gesi kwa uzani ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Aidha, hatakiwi kuiachilia gesi hewani ovyo: R12, iliyotumiwa sana katika majokofu ya zamani, ni miongoni mwa kemikali zilizodhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni.

Kuhusu maziwa yaliyoshinda katika joto, kuyapoza upya hakuyarudishii usalama. Ubaridi hupunguza kasi ya bakteria kuzaana, hauwafufui maziwa. Hata kuyachemsha hakutoshi, kwani baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria hustahimili moto. Maziwa ya aina hiyo hayafai kuuzwa.

Hitimisho

Mara nyingi wanafunzi wa Kiswahili hudhani kuwa usahihi wa msamiati ni suala la mtihani na insha. Mashine ya maziwa yaonyesha vingine. Baina ya kuisha na kuvuja pana malipo ya fundi yanayorudiwa kila baada ya majuma machache, na baina ya kutoa baridi na kutoa joto pana brashi ya vumbi ambayo ingeiokoa biashara. Siku mwenye mashine atakapoambiwa kuwa gesi imeisha, swali moja la Kiswahili sanifu litamtosha kuanzia: "Imeishaje, fundi, nayo haichomwi? Tuonyeshe kwanza inapovujia."