Kibali, Ithibati na Utambuzi: Vyuo vya Nje na Elimu ya Masafa Nchini Marekani

Utangulizi

Chuo kilicho Uingereza au Kanada chaweza kumfundisha mwanafunzi aliye Marekani kwa posta au kwa intaneti bila mwanafunzi huyo kuondoka kwake. Hata hivyo, anapohitimu, mwajiri humuuliza swali moja: ni nani aliyethibitisha ubora wa shahada hii? Makala haya yanaeleza jinsi baadhi ya vyuo vya nje vilivyolijibu swali hilo.

Tofauti ya istilahi

Aghalabu dhana tatu huchanganywa. Kibali ni ruhusa ya serikali ya kuendesha chuo. Ithibati ni uthibitisho kuwa ubora wa chuo umekaguliwa na kufikia viwango vilivyowekwa. Utambuzi ni hatua ya mwajiri au chuo kingine kuikubali shahada husika. Nchini Kenya, ithibati hutolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Nchini Marekani, wizara ya elimu haivikagui vyuo. Huzitambua tume zisizo za serikali, nazo ndizo hukagua. Kwa miaka mingi tume hizo ziligawana nchi katika kanda sita. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2020 ziliondoa mgawanyo huo mbele ya serikali, ingawa watu wengi wangali wanataja “ithibati ya kanda”.

Hatua za kuipata

Kwanza, chuo huonyesha kuwa kinatimiza masharti ya kuomba. Pili, hukubaliwa kuwa mtahiniwa. Tatu, hujitathmini kwa maandishi. Nne, hutembelewa na jopo la wahadhiri na wasimamizi kutoka vyuo vingine, ndipo tume huamua. Ithibati haidumu milele. Ukaguzi hurudiwa baada ya miaka kadhaa.

Mifano

The Open University ya Uingereza, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1969, ilianzisha tawi huru nchini Marekani. Tawi hilo lilifungwa mwaka 2002 kabla ya kupata ithibati kamili ya kanda. Mwaka 2005 chuo chenyewe kilipata ithibati ya tume ya Middle States. Athabasca University ya Kanada ilifuata mwaka 2006. Yadhihirika kwamba chuo kikongwe chenye rekodi ya wahitimu hukaguliwa kwa wepesi kuliko taasisi changa inayoanza mikono mitupu. Hapa Nairobi, USIU-Africa ina ithibati ya Kenya na ya tume ya WASC ya Marekani pia, jambo linaloonyesha kuwa ithibati ya kigeni haichukui nafasi ya ile ya nyumbani.

Hitimisho

Ithibati haimaanishi utambuzi wa kila mahali. Taaluma kama udaktari na uanasheria zina bodi zake, na kila chuo huamua chenyewe kozi zipi za kwingine kitazihesabu. Fauka ya hayo, yapo mashirika yanayouza ithibati bandia. Kwa hivyo, kabla ya kulipa karo, mwanafunzi hana budi kulitafuta jina la tume, wala si la chuo pekee, katika orodha ya wizara ya elimu ya Marekani, kisha aulize kama shahada hiyo itakubaliwa mahali anapokusudia kufanya kazi. Jina la chuo likivutia na tume isijulikane, afadhali ahifadhi fedha zake.